Sembène Ousmane: Mwandishi Aliyeingia Katika Filamu kwa Sababu ya Lugha

Wasomaji wetu wengi wanamfahamu Sembène Ousmane wa Senegal kama mwandishi wa riwaya. Katika makala haya tunamtazama kama mwongozaji wa filamu aliyeandika hadithi zake mwenyewe na kuziongoza mwenyewe. Tunadai kwamba kazi yake ya filamu ilikuwa, tangu mwanzo, suala la lugha, na kwa hiyo inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Shuleni hakukaa sana. Alifanya kazi ya uvuvi na uashi, akawa askari katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha kuli wa bandari huko Marseille. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Mwaka 1960 ilifuata Les Bouts de bois de Dieu, inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar-Niger wa mwaka 1947 hadi 1948. Riwaya hizo zilimpatia jina, lakini ziliandikwa kwa Kifaransa. Wafanyakazi wa reli na wake zao, ambao ndio wahusika wake, wengi hawakuweza kuzisoma. Ndipo alipokwenda Moscow, akikaribia umri wa miaka 40, kujifunza kutengeneza filamu.

Mwaka 1963 alitoa Borom Sarret, filamu fupi kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Mwaka 1966 ikaja La Noire de..., kisa cha Diouana, binti aliyechukuliwa kwenda Ufaransa kufanya kazi za nyumbani. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Jean Vigo. Hata hivyo, mawazo ya Diouana, binti asiyejua kusoma, tunayasikia kwa Kifaransa. Mtunzi alikuwa ameweka kitabu kando, lakini lugha ya kitabu ilikuwa bado imemfuata.

Mabadiliko yalikuja na Mandabi, mwaka 1968. Hapa Ibrahima Dieng anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanamdai kitambulisho. Ili apate kitambulisho anadaiwa cheti cha kuzaliwa. Na kila ofisi inasema na kuandika Kifaransa. Mwishowe fedha zote zinaishia mikononi mwa tapeli. Sembène alipiga picha za filamu hiyo mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu. Uhuru wake haukuwa kamili, kwani sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa. Lakini toleo la Kiwolofu lilimwezesha mtazamaji wa Dakar kusikia lugha yake mwenyewe katika filamu ndefu.

Kisa hiki kimefika hata kwetu. Amandina Lihamba wa Tanzania alikigeuza kuwa tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980. Tunawashauri walimu waitumie darasani. Mwanafunzi aliyewahi kumsomea bibi yake barua ya serikali hatahitaji maelezo marefu.

Baada ya hapo Sembène hakurudi nyuma. Emitaï (1971) hutumia Kidiola. Katika Xala (1975) binti anasema na baba yake kwa Kiwolofu, na baba, mfanyabiashara mkubwa, anamjibu kwa Kifaransa. Baba huyo huyo anapofilisika na kutaka kujitetea kwa Kiwolofu mbele ya wenzake, anaambiwa aseme Kifaransa. Moolaadé (2004), kuhusu wanawake wanaopinga ukeketaji, iko katika Kibambara na ilipigwa Burkina Faso. Sembène alifariki Dakar mwezi Juni mwaka 2007.

Mgogoro unaotugusa zaidi ni ule wa filamu ya Ceddo (1977). Rais Léopold Sédar Senghor, ambaye naye alikuwa mshairi na mwanasarufi, alishikilia kwamba neno hilo liandikwe kwa d moja, kufuatana na amri ya serikali juu ya tahajia ya Kiwolofu. Sembène alishikilia d mbili, kwa kuwa katika Kiwolofu urefu wa konsonanti huweza kutenganisha maneno. Filamu ikazuiwa Senegal kwa miaka kadhaa. Wapo waliosema kwamba sababu halisi ni maudhui yake, kwani inaonyesha raia wakikataa kulazimishwa kubadili dini. Hata kama ni hivyo, ni jambo zito kwamba tahajia ilitosha kuwa kisingizio. Sisi tunaosahihisha "karamu" pale mwanafunzi alipokusudia "kalamu" tunajua kuwa herufi moja si jambo dogo.

Tusije tukadhani kwamba Sembène alikichukia Kifaransa. Aliendelea kuandika riwaya kwa lugha hiyo, na Xala yenyewe ilitoka kwanza kama riwaya mwaka 1973. Alichokataa ni kumlazimisha mkulima na mchuuzi apitie lugha ya ofisini ili asikie habari zake mwenyewe.

Kiswahili kina kamusi, tahajia iliyokubaliwa na wasemaji katika nchi nyingi. Sembène alipigania d moja tu. Wanafunzi wetu wanaotunga hadithi na michezo kwa Kiingereza au Kifaransa wana haki ya kufanya hivyo, lakini kabla ya kuanza tuwaulize swali alilojiuliza yeye: wale unaowaandika, wataielewa kazi yako?