Tufani, radi na moshi wa meli: wasomi wa anga wanachunguza nini katika Bahari ya Hindi

Kimbunga Hidaya kilipotua kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilikuwa kimeshaanza kupungua nguvu. Huku kwetu serikali ilipiga marufuku uvuvi na kuogelea kwa muda, ikaonya juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa, kisha mambo yakapita. Wako waliosema tumetishwa bure. Lakini onyo kama lile halitolewi na mtu aliyetazama mawingu akakisia. Nyuma yake kuna kazi ya miaka mingi ya watu wa hisabati, fizikia na kemia, wengi wao wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamifu, ambao tasnifu zao huishia kwenye rafu za vyuo vikuu bila ya sisi kuzisikia.

Swali la kwanza ambalo kila mtu wa Pwani huuliza ni hili: mbona vimbunga hupiga Msumbiji na Madagaska, kwetu havifiki? Kimbunga kinataka maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hadi 27 au zaidi, na hayo tunayo. Kinataka pia msokoto unaotokana na dunia kujizungusha. Msokoto huo una nguvu kwenye latitudo za mbali, hupungua kadiri unavyokaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe haupo kabisa. Ndiyo maana ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Lamu kiasi cha nyuzi 2. Unguja iko nyuzi 6, na Mtwara nyuzi 10.

Umbali huo mdogo una uzito wake. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja majahazi na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba, iliyo kaskazini zaidi, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ukulima wa karafuu ukahamia huko. Mwaka 1952, Aprili vilevile, kimbunga kiliipiga Lindi. Kenneth iliyoharibu Cabo Delgado mwaka 2019 ilikuja Aprili pia. Manahodha wetu hawakuwa na setilaiti, ila walijua kwamba wakati wa tanga mbili, kaskazi inapomalizika na kusi haijatulia, bahari haiaminiki.

Kwa hiyo jibu la kitaalamu ni kwamba hatari kwetu ni ndogo, si kwamba haipo. Na si lazima kimbunga kifike ili kituumize. Mawimbi yake husafiri mamia ya kilomita, na mvuvi wa Vanga anaweza kuzamishwa na upepo ambao kitovu chake kiko Tanzania.

Mvua ndiyo balaa letu la kawaida

Tukiacha vimbunga, kinachotuumiza mara nyingi zaidi ni mvua ya vuli iliyopita kiasi. Mwaka 1999 watafiti walieleza katika jarida la Nature jinsi Bahari ya Hindi inavyopinda kama mizani: mwaka mwingine maji ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida, huku ya upande wa Indonesia yakipoa. Hapo unyevu na mawingu huhamia Afrika Mashariki, na Indonesia na Australia hupata ukame. Ilitokea mwaka 1997, pamoja na El Niño ambayo wazee wa Pwani bado wanaitaja kwa jina. Ikatokea tena 2019 na 2023, na mto Tana ukafurika.

Mizani hiyo ilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni bahari yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, yalipata joto la kiasi cha nyuzi 1.2 katika majira ya kusi kati ya 1901 na 2012. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi moja, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa kiasi cha asilimia 7. Mawingu yaleyale, basi, yanaweza kumwaga maji mengi zaidi kwa muda uleule.

Kemia inaingilia wapi?

Mtu anaweza kuuliza, mwanakemia ana kazi gani na tufani? Anayo. Tone la mvua haliwezi kuanza peke yake hewani. Mvuke hutafuta chembe ya kushikilia, iwe ya chumvi ya bahari, ya vumbi au ya moshi. Chembe zikibadilika, mawingu nayo hubadilika.

Mwanzoni mwa 1999, wakati wa kaskazi, zaidi ya wanasayansi 200 walikusanya ndege, meli na vituo vya ardhini kuzunguka Maldives ili kupima hewa. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paul Crutzen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya ozoni. Walikuta ukungu wa rangi ya kahawia, wa moshi wa kuni, magari na viwanda vya Bara Hindi, wenye kina cha kiasi cha kilomita 3 na kufunika kaskazini mwa bahari hii. Kaskazi, upepo uleule uliowaleta mababu na majahazi yao, ndio ulioubeba ukungu huo kuelekea ikweta. Ukungu huo hupunguza jua linalofika baharini na kuipasha joto hewa ya juu, na vyote viwili hugusa mvua.

Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa radi. Mwaka 2017 Joel Thornton wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichora ramani ya mapigo ya radi ya miaka 12. Kwenye bahari kati ya Sri Lanka na mlango wa Malacca ukaonekana mstari uliofuata njia ya meli za mizigo, kana kwamba umechorwa kwa rula. Juu ya njia hiyo radi zilikaribia kuwa maradufu ya zile za pembeni. Meli si sumaku ya radi. Sababu ni moshi wake. Chembe za salfa hufanya matone ya wingu yawe mengi na madogo. Matone madogo hayadondoki haraka, hupandishwa juu hadi kwenye baridi, hugeuka barafu, na vipande vya barafu vinapogongana ndipo umeme hujikusanya.

Dhana hii ikapata mtihani ambao hakuna maabara ingeweza kuuandaa. Tarehe 1 Januari 2020 sheria ya kimataifa ilishusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Sheria hiyo inazigusa pia meli zinazotia nanga Kilindini. Watafiti wakarudi kwenye njia ileile, wakakuta radi za ziada zimepungua kwa kiasi cha nusu.

Radi nayo ina kemia yake. Joto lake, linalofikia nyuzi 30,000 hivi, huvunja naitrojeni na oksijeni za hewani na kuziunga upya, na kutokana na hilo hutengenezwa ozoni na vichembe vinavyosafisha methani angani.

Vipimo vya kwetu

Tusidhani kazi hii hufanywa ng'ambo tu. Kuanzia 1999, kwa miaka kadhaa, mabaluni ya kupima ozoni yalirushwa kutoka Malindi. Nairobi wanaendelea kurusha, na juu ya Mlima Kenya kiko kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa mwaka huohuo wa 1999. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha elimu ya hali ya hewa kwa miongo mingi.

Kijana wa Pwani anayetaka njia hii ahitaji hisabati na fizikia, kemia ikiwezekana, na ujuzi wa programu za kompyuta. Data nyingi hutolewa bure: rekodi za hali ya hewa za kituo cha Ulaya zinaanzia 1940, na makadirio ya mvua ya setilaiti yaitwayo CHIRPS yanaanzia 1981. Mwanafunzi wa Kilifi anaweza kuzipakua sawa na wa London, mradi ana intaneti ya kuaminika.

Mimi naona pengo kubwa liko kwenye lugha. Tasnifu huandikwa Kiingereza, na onyo husema upepo wa noti 25 na mawimbi ya mita 3. Mvuvi wa Kizingitini huyajua maji kwa bamvua na maji mafu, na upepo kwa matlai na umande. Atakayefanya uzamili wake juu ya jinsi ya kuyaunganisha maneno hayo mawili, na kupima kama vyombo vinavyobaki pwani siku ya onyo vinaongezeka, atakuwa na kazi ambayo vitengo vya usimamizi wa fuo vingeitumia msimu huohuo.