Mzongo wa Mawimbi

Nimeletewa kuhakiki rasimu ya orodha ya istilahi za kupiga mbizi, na katika sura ya vifaa vya elektroniki nimekuta "uingiliaji kati wa pasiwaya". Nilidhani ni kosa la chapa. La hasha, limerudiwa hadi mwisho wa sura. Uingiliaji kati ni kazi ya majeshi ya kulinda amani na wazee wanaosuluhisha ndoa. Anayeingilia kati amekusudia, na amekuta pande mbili zinazogombana. Taa ya kamera inayofuta namba kwenye kompyuta ya mpiga mbizi haikukusudia chochote, wala haikukuta ugomvi wowote.

Msomaji anayevaa kompyuta hiyo mkononi anajua ninachokisema, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Transmita hufungwa kwenye tundu la presha kubwa la regulata, shingoni mwa mtungi, na kila baada ya sekunde chache hutuma kipimo cha hewa iliyobaki. Nyingi hutumia masafa ya chini, karibu kilohezi 38, kwa kuwa maji ya chumvi huimeza Bluetooth ndani ya sentimita chache. Hata hayo ya kilohezi 38 hufika mita moja, moja na nusu, basi. Ishara dhaifu kiasi hicho haihitaji adui mkubwa. Mpiga mbizi yuko mita 18 kwenye mwamba wa Mnemba, ameshika kamera kwa mkono uleule wenye kompyuta, na flashi iko shubiri moja tu kutoka kwenye kiwiko chake. Anapiga picha. Kapasita ya flashi inaanza kujichaji upya, saketi yake inatoa kelele za umeme, na pale palipoandikwa bar 110 panabaki vistari. Picha zikikoma, namba inarudi, nayo imeshuka. Mota za skuta za majini, fulana za kupasha joto na baadhi ya taa za video huleta balaa hilohilo.

Jambo hilo tuliite nini?

Wapinzani wangu, ambao sina haja ya kuwataja, wanashikilia "mwingiliano". Ni neno zuri, nami nimelitetea mahali pake. Lakini lina kiambishi -an-, na kiambishi hicho hakikuwekwa kwa mapambo. Wanaopigana wanapeana ngumi, wanaoandikiana wanapeana barua. Mawimbi yanayoingiliana sharti kila moja liliingie jingine. Sasa nani amewahi kuona transmita ikiivuruga flashi? Flashi inawaka kama kawaida, picha inatoka safi. Anayeumia ni mmoja tu.

Watanijibu kwamba hata asili ya neno la Kiingereza, interference, ni ya kutendana, na hapo wana hoja, kwa hiyo tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho. Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, entreferir, yaani kupigana wao kwa wao, kutokana na ferire ya Kilatini, kupiga. Wao walilitumia kwa farasi anayekwenda vibaya, mguu mmoja ukaugonga mwenzake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Thomas Young akalipeleka kwenye mwanga, kueleza namna mawimbi mawili yanavyokutana yakazaa mistari ya mwangaza na giza. Kwa Young "mwingiliano" ni tafsiri kamili: mawimbi mawili yana haki sawa, na kinachozaliwa ni cha wote wawili. Ila wahandisi wa redio walipolirithi neno hilo walilipa maana nyingine kabisa, ya kelele inayoifunika ishara halali. Kiingereza kimeridhika kuyabeba mambo mawili kwa neno moja. Huo ni umaskini wake, na sioni kwa nini kamati zetu ziuagize kutoka ng'ambo wakati ghala letu limejaa.

Neno ninalolipendekeza, nililolipendekeza zamani na nikanyamaziwa, ni mzongo. Kuzonga ni kuzungusha kamba au nguo mwilini, na pia ni kumsonga mtu kwa wingi pande zote. Kila siku tunasema fulani amezongwa na madeni, mama amezongwa na kazi, mgeni amezongwa na watoto. Aliyezongwa hakuwazonga wenzake. Hakuchagua, na sauti yake haisikiki ingawa bado anasema, jambo ambalo ndilo hasa linaloipata transmita: haijaharibika, haijanyamaza, inatuma kipimo chake vilevile, ila hakisikiki. "Ukatizaji" wa rasimu ya awali ulishindwa hapo, maana kilichokatizwa kimekoma. Yupo pia aliyeleta "usumbufu", neno ambalo halimwambii fundi lolote.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba walioikataa istilahi hii hawakuusoma mnyambuliko wake. Kiswahili kina kuzongoa, kukifungua kilichozongwa. Basi ugonjwa ni mzongo, chombo kinachouleta ni kizongaji, na kazi ya kuutafuta na kuuondoa ni uzongoaji. Mzizi mmoja umetosha kwa sura nzima ambayo wao wameijaza "utatuzi wa matatizo ya uingiliaji kati wa pasiwaya", maneno yasiyoenea hata kwenye kibandiko cha kifaa.

Nakubali kwamba si kila vistari ni mzongo. Transmita mbili za wapiga mbizi walio karibu zikituma kwa wakati mmoja, huo ni mgongano, na hapo -an- ina haki yake. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutoa transmita za rangi mbalimbali zenye vipindi tofauti vya kutuma. Betri ikichoka, au kompyuta ikivaliwa mkono wa mbali na transmita, huo ni udhaifu wa ishara. Orodha niliyoletewa imeyaita yote matatu kwa jina moja, na fundi atakayeifuata atabadilisha betri nzima huku flashi ikiendelea kuzonga.

Kuhusu matumizi: zima kizongaji au kisogeze mbali, leta kompyuta karibu na transmita, subiri namba irudi, na usishuke bila geji ya mpira inayosoma presha moja kwa moja kutoka mtungini.

Rasimu nimeirudisha na masahihisho yangu pembeni, kwa wino mwekundu, kila ukurasa. Wakiamua kuchapa "uingiliaji kati" kama ulivyo, naomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya wahakiki.