Mpaka wa Parki ya Virunga uliandikwa kwa maneno



Kila mara Parki ya Virunga inapotajwa kati yetu vijana, watu wanagawanyika palepale. Hawa wanasema wakulima wamevamia parki. Wale wanasema parki ndiyo imevamia wakulima. Kila mmoja anasema kwa nguvu, lakini ukiuliza, "Bon, mpaka unapita wapi?", wote wananyamaza. Mimi nilisoma agronomia, siko mwanahistoria. Lakini kwa kazi yetu huwezi kuongea juu ya shamba bila kujua mwisho wa shamba uko wapi. Ndiyo maana swali hili nimelifuata mpaka nyuma, miaka mia moja. Ninachokiona ni hiki: ugomvi mwingi unatoka kwa sababu upande mmoja uko na ramani, na upande mwingine hauna kitu mkononi.

1. Parki ilianza mbali na kwetu

Tarehe 21 aprili 1925, mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitia sahihi amri ya kuunda Parki Albert. Ilikuwa ndogo, kule kwenye volkano, upande wa Mikeno na Karisimbi, juu ya kulinda ngagi. Mmarekani Carl Akeley ndiye alikuwa ameomba sana walindwe. Huku Beni, kwenye bonde la Semuliki na chini ya Ruwenzori, hakukuwa parki bado.

Kisha ikapanuka: mwaka wa 1929, tena 1934, na tena 1935. Amri ya tarehe 12 novemba 1935 ndiyo iliyochora mipaka ambayo, kwa sehemu kubwa, serikali inaitegemea mpaka leo. Mwaka wa 1969 parki ikabadilishiwa jina, ikawa Virunga. Mwaka wa 1979 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Leo inahesabiwa karibu hektari 790,000.

Sasa, Semuliki iliingia namna gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1930, ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o, ulikuwa bondeni. Utawala wa Wabelgiji ukaondoa watu na kuwapandisha juu. Baadaye, udongo uliobaki bila watu ukaingizwa ndani ya parki. Kwa macho ya Brussels, ule udongo ulikuwa wazi. Kwa macho ya waliohamishwa, lilikuwa shamba lililolala tu, kama tunavyolaza shamba sisi wenyewe ili lipate nguvu. Mutu yeyote aliyesoma agronomia anajua kilimo cha kuacha udongo upumzike. Ukipita siku moja katika mwaka wa kupumzika, utaandika "hapa hakuna mutu".

Watawala walifanya pia uchunguzi wa haki za wenyeji, na kuna machifu waliopewa malipo. Lakini chifu kupokea malipo na familia kukubali kupoteza shamba ni mambo mawili. Ndiyo maana mpaka leo utasikia mzee anasema: "Udongo huu ni wa bankambo betu, hatukuuza."

Kati ya 1933 na 1935, mission ya G. F. de Witte ilizunguka parki ikikusanya vyura, nyoka, samaki, ndege na mimea. Vitabu vilivyotoka pale vinajaza rafu nzima Ubelgiji. Ni kazi kubwa, siichekeleyi. Lakini ukitafuta ramani ya mashamba ya watu wa wakati ule, iliyochorwa kwa uangalifu kama ule, hautaipata.

2. Mpaka wa maneno

Jambo ambalo wengi hawajui ni hili: mpaka wa 1935 ni maandishi mbele ya kuwa ramani. Amri inaeleza kwa Kifaransa: fuata mto huu mpaka unapokutana na ule, panda mgongo wa mlima, shika njia, kata mstari moja kwa moja mpaka kilima fulani.

Kwa karatasi ni wazi. Nenda sasa kwenye kiwanja. Mto wa tambarare unahama. Mvua kubwa ikija, unakata njia mpya. Mpaka ni mto wa leo ao mto wa 1935? Njia ya zamani imemezwa na majani. Vijito viwili viko na jina moja, ao kijito kimoja kiko na majina mawili, moja la Kinande na moja ambalo mwandishi wa kikoloni alilisikia vibaya.

Kisha kuna hesabu. Kwa karte ya 1 kwa 1,000,000, mstari wa milimita moja ni kilomita moja kwenye udongo. Kilomita moja ya upana kwa kilomita kumi za urefu ni hektari 1,000. Muhesabu wenyewe ni familia ngapi za Beni zinaweza kula pale. Hata karte nzuri ya 1 kwa 50,000, milimita yake ni mita 50. Tena, karte za zamani za Kongo zilitumia msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1950, na GPS ya simu yako inatumia WGS84. Ukichukua namba za karte ya zamani na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, alama itasogea karibu mita 300. Watu wawili wanaweza kusimama na GPS mkononi, kila mmoja akaapa kwamba anasema kweli, kumbe mmoja amesimama ndani ya muhogo wa mwengine.

Tangu miaka ya 2000, ICCN pamoja na WWF walianza kusoma ile amri upya kwa GPS na kuweka alama pamoja na wakaaji kwa sehemu mbalimbali. Njia ile ni nzuri. Lakini vita ilipita juu yake. Tangu oktoba 2014, mauaji ya Beni yamefanya watu wakimbie mashamba, na sehemu za msitu wa parki zimekuwa maficho ya wenye silaha. Nani atatembea kwenye mpaka akihesabu alama, wakati haiko hakika kama atarudi nyumbani? Mabishano ya Mayangose, pale pembeni ya mji wa Beni, yamedumu miaka mingi ndani ya hali hiyo.

3. Nani anaonekana kwenye ramani?

Sheria ya udongo ya 20 julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali peke yake. Kuhusu udongo wa wakaaji wanaoishi kwa desturi, sheria ileile, kwenye artikle 389, iliahidi kwamba ordonansi ya rais itakuja kupanga haki zao. Tulikaa miaka makumi tukiingoja. Matokeo ni kwamba parki iko na mstari, konsesyo ya tajiri iko na mstari kwenye kadasta, lakini shamba la mama wa Mutwanga ao wa Mangurujipa liko ndani ya kichwa cha chifu tu.

Angalia upande wa madini. Tangu kodi ya madini ya 2002, nchi imegawanywa kwa viraba, kila kimoja hektari 84.955, na Kadasta ya Madini inaonyesha nani ameshika kipi. Mutu wa Lubumbashi ao wa Toronto anaweza kuona kiraba kilicho chini ya nyumba yako mbele wewe mwenyewe usikie. Mwaka wa 2022 serikali ilitangaza kuuza viwanja 27 vya mafuta, na vingine viligusa Virunga. Oktoba 2024 mnada ule ukafutwa. Januari 2025 ikaundwa Korido ya Kijani Kivu-Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Mistari hii yote ilichorwa juu ya vichwa vyetu. Wangapi kati yetu tuliona ramani mbele ya kusikia habari kwa redio?

4. Wanyama nao wanahitaji hesabu

Nisieleweke kwamba ninataka parki iishe. Hapana. Miaka ya 1970, ndege ya kuhesabu ilipopita juu ya Ziwa Edward na mito yake, ilikuta viboko zaidi ya 25,000, labda kundi kubwa kuliko yote duniani. Kufikia 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Bila zile hesabu mbili, tungebaki kubishana kama wamepunguka ao wamejificha. Mwaka wa 2020, tembo karibu 580 walivuka kutoka Queen Elizabeth ya Uganda, wakarudi Virunga. Wanyama wako na njia zao, na aliye na data ndiye anajua mahali pa kuacha nafasi na mahali pa kulinda mahindi.

Mutu wa shamba anahitaji parki pia. Maji ya Ruwenzori yanashuka kwenye mashamba yetu. Mwambao wa ziwa usipochungwa, samaki haizai, na Vitshumbi na Kyavinyonge wanalala njaa.

5. Sisi tufanye nini?

Kwanza, amri ya 1935 itafsiriwe kwa Kiswahili na Kinande, ibandikwe pamoja na ramani yake kwenye kila ofisi ya grupema inayopakana na parki. Mutu hawezi kuheshimu mpaka ambao hajawahi kusomewa.

Pili, pale usalama unaporuhusu, mpaka utembelewe kwa miguu: walinzi wa parki, chifu, wazee, wakulima, na wanawake pia, kwa sababu wao ndio wanaolima. Wote watumie msingi mmoja wa vipimo, na kila upande urudi na kopi yake.

Tatu, tuchore mashamba yetu wenyewe. Sheria imefungua mlango mmoja: dekreti ya 2 agosti 2014 inaruhusu wakaaji kuomba msitu wao kama konsesyo ya jamii, mpaka hektari 50,000, bila mwisho wa muda, na ramani inatengenezwa na wakaaji wenyewe. Haigusi ndani ya parki, lakini misitu ya Lubero na ya Beni iliyo nje iko pale. Kazi ile inaomba watu wanaojua GPS, wanaojua mimea, na wanaoweza kukaa chini na wazee kusikiliza majina ya vijito. Watu hao ni nani, kama hatuko sisi? Tuko na lisansi ndani ya sanduku, na tunangoja kazi itoke Goma ao Kinshasa.

Mwaka wa 1935, walioandika mpaka hawakuwa na mtoto wa Butembo ao wa Beni aliyeweza kusoma amri yao na kusema, "Hapa munakosea, huu mto uko na jina lingine." Leo tuko wengi. Mstari mwingine utachorwa, hilo halina shaka. Safari hii tuwe ndani ya chumba, na ramani yetu mkononi.