Somo la ukoloni lianzie Ujiji, si Berlin

Mwanafunzi wa sekondari hapa Mwanga, Kigoma, akiulizwa mawakala wa ukoloni walikuwa akina nani, hujibu bila kusita: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Akiulizwa Mkutano wa Berlin ulifanyika lini, hujibu 1884 hadi 1885. Majibu yote mawili ni sahihi na alama atazipata. Tatizo ni kwamba ameyapokea kama habari za mbali, za watu wa mbali, ilhali mawakala hao wote watatu walipita Ujiji, safari fupi ya daladala kutoka soko la Mwanga.

Ni miji michache Afrika Mashariki inayoweza kumwonyesha mwanafunzi ubeberu wa Ulaya hatua kwa hatua kama Kigoma-Ujiji: msafara, misheni, ngome, kodi, reli, meli ya vita, na mwishowe mkataba wa kukodisha bandari milele. Hatua hizo zote zimeacha alama katika ardhi yetu, na mwalimu anayezipita ili awahi kufika Berlin anaacha nyuma kitabu chake bora kuliko vyote.

Walioongoza njia

Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji. Walikuja kwa njia ya misafara ambayo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Mrima walikuwa wameshaizoea, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Ziwa Tanganyika walilolitangaza Ulaya lilikuwa na wavuvi, mitumbwi, masoko na watawala wake karne nyingi kabla yao.

Katika msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akafikishwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Baadaye aliongozana pia na Henry Stanley mwaka 1871 na Verney Lovett Cameron aliyefika Ujiji mwaka 1874. Wazungu walibadilika, naye Bombay akaendelea kuwaonyesha njia. Hata hivyo, vitabu vingi vya shule vina majina ya Burton, Speke na Stanley, na jina lake halimo.

Pale Ujiji, kwenye kumbukumbu ya David Livingstone, wageni huelezwa habari za Stanley, aliyetumwa na gazeti, kumkuta Livingstone chini ya mwembe, tarehe ambayo Stanley aliiandika kuwa 10 Novemba 1871. Habari hiyo ni ya kweli na ni muhimu. Lakini Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo, ni Abdalla Susi, James Chuma na wenzao waliobeba maiti yake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na Stanley, kuanzia 1879, alikwenda Kongo kumtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akikusanya mikataba kwa machifu. Mwanafunzi akizisoma habari hizi pamoja, ataona jinsi safari ya gazeti ilivyofungua njia ya dola.

Misheni, ngome na utumwa

Mwaka 1878 wamisionari wa Shirika la Misheni la London waliwasili Ujiji. Mwaka uliofuata wakaja Mapadre Weupe. Mwaka huohuo, 1879, chama cha Leopold kilijenga kituo Karema, kusini zaidi katika ufuko huu wetu wa mashariki. Mwaka 1885, baada ya Leopold kupata Kongo yake, kituo kile kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Jengo lililoanzishwa kwa ajili ya mfalme likawa la misheni. Mwalimu anayetafuta mfano wa uhusiano kati ya dini na dola hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Hapa pia pana jambo linalotaka ukweli wa pande zote mbili. Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na wafanyabiashara wakubwa kama Rumaliza walijitajirisha kwayo. Watu wa Manyema na nchi nyingine za ng'ambo ya ziwa walivushwa hapa wakiwa wamefungwa. Uovu huo usifichwe darasani, wala usipunguzwe kwa sababu waliousema sana walikuwa Wazungu.

Lakini mwanafunzi aelezwe pia nusu ya pili. Mataifa ya Ulaya yalitangaza kwamba yanaingia Afrika kukomesha utumwa. Wajerumani walifungua kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, wakatawala hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika muda wote huo hawakuufuta utumwa kisheria katika koloni lao. Walichofanya ni kuamua kwamba watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Kodi haikungoja hivyo: amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897.

Reli na meli

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, umbali wa kilomita 1,250 hivi. Tangu hapo Kigoma ikaipita Ujiji, kwa kuwa gati na stesheni vilikuwa huku. Stesheni ile ingali inatumika, na ni wanafunzi wachache wanaopelekwa kuitazama kama sehemu ya somo.

Kwa reli hiyohiyo ililetwa meli. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mafundi watatu wa Kijerumani, pamoja na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, waliiunga upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyetawala wakati Vita vya Maji Maji vilipokandamizwa kwa risasi na kwa njaa ya makusudi. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua, Liemba. Wasafiri wanaikumbuka kama meli ya Kasanga na Mpulungu. Darasani ikumbukwe pia kama silaha.

Faranga moja kwa mwaka

Sehemu isiyofundishwa kabisa ndiyo yenye mafunzo makubwa kuliko zote. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Wakongo, yaliiteka Kigoma, na Ubelgiji ikaitawala hadi 1921. Ilipoondoka, Uingereza iliipa eneo katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Wenye nchi hawakuulizwa.

Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kufungwa na mkataba huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyekabidhiwa nchi kwa muda hana mamlaka ya kuigawa milele. Wanasheria wa nchi nyingi wameujadili msimamo huo wa Tanganyika. Mtoto wa Kigoma anastahili kuujua kabla ya mwanasheria wa ng'ambo.

Wakati wa utawala wa Waingereza, mkoa huu uligeuzwa kuwa ghala la nguvukazi. Vijana wa Uha walisafirishwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Reli iliyokuja hadi mlangoni kwetu ilituachia kilimo kidogo cha biashara na ikachukua watu. Anayeuliza kwa nini Kigoma ilichelewa kimaendeleo aanze kutafuta jibu hapo.

Zana tunazo

Tanzania si ngeni katika kazi ya kuiandika upya historia yake. Mwaka 1969 wanahistoria Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichomweka Mwafrika katikati. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilishiriki kuchapisha kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alichokiandika akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sasa mtaala ulioboreshwa umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kikwazo cha lugha kimepungua, na mwanafunzi anaweza kuhoji kwa lugha anayoiwaza.

Walimu wa Kigoma-Ujiji waitumie nafasi hiyo. Wawapeleke wanafunzi Ujiji, stesheni na bandarini, na katika kila mahali wawaulize maswali matatu: nani alibeba mzigo, nani alifaidika, nani aliandika habari zake? Wawatume wakawahoji wazee wenye ndugu Kalemie, Uvira na Bujumbura, ambao mipaka iliyochorwa Ulaya iliwagawa kati ya dola mbili. Halmashauri nayo iweke pale Ujiji maandishi yanayomtaja Bombay, Susi na Chuma kwa heshima ileile wanayopewa Livingstone na Stanley. Gharama yake ni ndogo, na waliobeba mizigo ya historia hii wameisubiri heshima hiyo kwa zaidi ya miaka 150.