Furaha ya Jembe: Vyama vya Kulima vya Wasukuma

Mwenye kutoka Mwanza kwa njia ya Musoma, akiisha kuyaacha nyuma majabali ya ziwa na kuwasili Kisesa, huonyeshwa upande wa Bujora makumbusho ya Wasukuma, ambayo asili yake ni juhudi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi na zana za wahenga. Katika athari zote zilizohifadhiwa pale, naona hakuna inayostahili taamuli kuliko jembe la mkono.

Jembe hilo halikushikwa na mtu peke yake. Vijana wa kijiji, wakiongozwa na nsumba ntale waliyemridhia wenyewe, walikusanyika alfajiri katika shamba la mwenzao, wakajipanga safu moja, na mpiga ngoma akatangulia mbele yao, hata majembe yote yakapanda na kushuka kwa pigo moja, huku mwimbaji akimsifu mwenye bidii na kumsuta mvivu kwa maneno ambayo, ingawa yalichoma, yalimwachia nafasi ya kujirekebisha kabla jua halijawa kali. Mwenye shamba aliwakirimu kwa chakula, pombe au mnyama wa kuchinja, na siku yake ilipowadia naye aliwajibika kwenda kwa wenziwe. Katika mchezo wa bugobogobo majembe yayo hayo hurushwa hewani na kudakwa, na mgeni aushangaapo ustadi huo yafaa ajue kwamba ulizaliwa kondeni kabla ya kufika uwanjani.

Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, waliacha nyuma yao makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, na tangu hapo vyama vya ngoma vikawa vya upande huu au ule. Pande mbili zilicheza kwa wakati mmoja katika viwanja vinavyokaribiana, na ushindi ukawa wa wale waliovuta umati mkubwa zaidi, kwa hiyo mchezaji hodari hakuwa na faida ya kung'ara peke yake ikiwa safu yake imelegea.

Furaha ya namna hii imekuja kutafutwa na wataalamu pia: mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa jumuiya ya wanasaikolojia wa Marekani, aliwahimiza wenzake wachunguze yanayomstawisha binadamu, wasiishie kwenye maradhi ya nafsi tu. Na tangu hapo mashirika mengi yametafuta namna ya kuwafanya wafanyakazi wapendane na kuthaminiana. Jambo ni jema, lakini nasikitika nionapo sifa na nyimbo zikiletwa kazini ilhali hisani haina zamu, maana kijana wa Usukuma aliimba kwa moyo kwa sababu aliyakini kwamba shamba lake nalo litalimwa.

Pamba ilipoenea, watu waliokwisha kuzoea ahadi ya namna hiyo hawakuona ugeni katika ushirika, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vyao vya ushirika viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Bagika na Bagalu, kwa upande wao, hawakuvunjika: kila Juni, baada ya Sikukuu ya Ekaristi, hukutana Bujora katika tamasha la ngoma la Bulabo, wakashindana kwa siku kadhaa mbele ya watu waliotoka vijiji vya mbali.