Mkanda wa picha bado unauzwa: nani anaununua, na ule wa kabatini tuufanye nini?

Kila tukizungumzia picha za zamani hewani, swali linalorudi kwenye simu na ujumbe ni moja: ile mikanda ya picha, filamu za kamera, bado ipo? Ipo, na inauzwa. Wanunuzi ndio waliobadilika, na sababu zao za kununua pia.

Kwa aliyezaliwa akakuta simu ina kamera, tueleze kidogo. Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini yenye chembechembe za madini ya fedha. Mwanga ukizigusa, zinashika alama. Mkanda wa kawaida ulitoa picha 24 au 36, kisha unaupeleka studio kusafishwa kwa dawa. Unarudishiwa picha za karatasi pamoja na vile vipande vya utepe ambamo mtu mweusi anaonekana mweupe na kanzu nyeupe inakuwa nyeusi. Hivyo vipande ndivyo negativu. Vishike akilini, tutavirudia.

Aliyeifanya biashara hii iwe ya watu wote ni Mmarekani George Eastman, mwenye Kodak. Mwaka 1888 alianza kuuza kamera ikiwa na mkanda wa picha 100 ndani yake. Ukimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani, wanasafisha picha, wanatia mkanda mpya na kukurudishia, kwa malipo ya dola 10. Ni kama mtu anayekuuzia kandili akijua mafuta ya taa utayafuata kwake kila wiki. Kampuni hiyo iliishi kwa mkanda, karatasi na dawa zaidi ya karne nzima.

Hapa Unguja watu wengi hawakununua mkanda wala kamera. Walinunua picha, na mwenye studio ndiye aliyejua habari za mkanda. Studio za Mji Mkongwe zimeanza zamani: majina ya Gomes na Coutinho yamo kwenye postikadi za Zanzibar za zaidi ya miaka 100 iliyopita, na postikadi hizo zilikuwa tangazo lao, kwani zilisafiri na meli hadi Ulaya na Bara Hindi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, katika mtaa unaoitwa leo Barabara ya Kenyatta. Alipiga picha za Sultani na shughuli za serikali, za maharusi, za mitaa na majahazi. Mwanawe Rohit aliiendeleza kazi hiyo.

Tangazo la studio lilikuwa dirisha na ukuta wake. Unapita, unamwona bibi harusi wa jirani amekaa kwenye fremu, na wewe unatamani. Sikukuu ikifika, watoto wakivishwa nguo mpya, safari ya Mnazi Mmoja kwa familia nyingi ilipitia kwanza kwa mpiga picha. Wenzetu wa shamba walikuja mjini kwa hilo tu, wakarudi wiki ya pili kuchukua picha. Ukifumba macho, ndiyo imetoka hivyo hivyo.

Kilichokuja kuuangusha mkanda kilizaliwa ndani ya Kodak yenyewe. Mwaka 1975 mhandisi wao Steven Sasson alitengeneza kamera ya kidijitali, lakini kampuni haikutaka kuiharibu biashara ya mkanda kwa mikono yake. Wengine wakaiharibu. Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu zake za papo kwa papo, na Januari 2012 Kodak ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Kwetu haikuhitaji mahakama. Simu zilijaa Darajani, na studio nyingi zikabakiwa na picha za paspoti.

Sasa sehemu inayoshangaza. Mkanda umefufuliwa na vijana, tena kupitia simu ile ile iliyouzika. Kijana wa London au New York anapiga kwa mkanda, anaupeleka kusafishwa, anazigeuza picha kuwa za kidijitali, kisha anaziweka Instagram. Wenzake wanaona zile rangi na chenga chenga zake, wanauliza umetumia mkanda gani. Mtu akiandika jina la mkanda chini ya picha yake, kiwanda kimetangaziwa bure. Kodak ilikuwa imeacha kutengeneza Ektachrome mwaka 2012. Mwaka 2018 mkanda huo ukarudi madukani. Ilford ya Uingereza ilianguka mwaka 2004, ikaokolewa na mameneja wake wenyewe na inaendelea kutengeneza mikanda ya nyeusi na nyeupe. Fujifilm nayo, katika mwaka wa fedha wa 2018, iliuza zaidi ya kamera milioni 10 za Instax, zile zinazotoa picha ya karatasi hapo hapo.

Tusidanganyane, huo ni mtindo wa wenye pesa. Mkanda mmoja wa rangi, pamoja na kuusafisha, Ulaya unafika kwa urahisi dola 20 au zaidi. Tukiulizwa kama mtu afungue duka la mikanda Unguja, tutamwambia aanze na mikanda michache sana, aiweke kwenye friji, aangalie tarehe ya mwisho. Joto na unyevu wetu huuharibu mkanda upesi.

Lakini mgeni anayepita Mji Mkongwe ananunua kitu kingine: picha za Zanzibar ya zamani, zilizochapishwa kutoka kwenye negativu za kina Oza. Mkanda mpya anaweza kuupata kwao. Picha ya Forodhani ya miaka ya hamsini hawezi.

Thamani yake si ya wageni peke yao. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka. Anayetaka kujua nguzo na roshani zilivyokaa lazima aangalie picha, na nyingine huenda zimo kabatini kwa mtu aliyesimama mbele ya jumba lile siku ya sikukuu bila kufikiria jengo.

Kwa hiyo msizitupe negativu, hata kama picha zake za karatasi zimeliwa na mchwa. Zitoe kwenye mfuko wa nailoni, maana unashika unyevu na kuvu. Zishike pembeni tu, usizifute kwa khanga wala mate. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kopo lenye mfuniko, mahali pakavu mbali na jiko.

Mkiwa na simu mbili mnaweza kuziona nyumbani. Simu moja ifungue ukurasa mweupe mtupu, mwangaza uwe wa juu kabisa. Juu yake weka kipande cha kioo safi, kisha negativu, ili isigusane na skrini. Ikigusana, vidoa vya skrini vitatokea kwenye picha. Ipige picha kwa simu ya pili ukiwa karibu, chumba kikiwa na giza. Halafu tumia programu ya kuhariri picha yenye uwezo wa kugeuza rangi, nyeusi iwe nyeupe. Haitakuwa safi kama ya studio, ila sura utaitambua.

Ukishaitambua, mwonyeshe bibi au babu akutajie nani ni nani, mwaka gani na wapi. Andika kwa penseli kwenye bahasha kabla ya kuitia negativu ndani. Ukiandika ikiwa imo, alama ya penseli inaweza kuikwaruza.