Kanisa la Methodisti Huru: Tulikotoka

Tarehe 23 Agosti 1860, wachungaji na washirika walikusanyika katika shamba la matofaa huko Pekin, jimbo la New York. Hapo, kwa neema ya Mungu, likazaliwa kanisa letu.

Baba yetu katika imani, Benjamin Titus Roberts, aliyezaliwa 1823, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti katika Konferensi ya Genesee. Siku hizo makanisa mengi ya mjini yalikodisha viti: mwenye fedha aliketi mbele na familia yake, maskini akajibanza pembeni. Roberts hakuvumilia. Mwaka 1857 aliandika makala akiwaita ndugu zake warudie mafundisho ya John Wesley kuhusu utakatifu. Yaliyofuata yalikuwa machungu, na hatuna haja ya kuyafukua. Itoshe kusema kwamba mwaka 1858 alitengwa na konferensi yake, na Mei 1860, huko Buffalo, rufaa yake ikakataliwa.

Hakukata tamaa. Yeye na mkewe mpendwa, mama Ellen, waliuza nyumba yao ya Buffalo, wakanunua jumba la maigizo na kuligeuza mahali pa ibada, kila mtu aketi bila malipo. Huko St. Charles, Illinois, John Wesley Redfield naye alikuwa amekwisha kuwasha moto wa uamsho.

Wazee wa Pekin walisimamia mambo haya: viti vya bure, kukataa utumwa, kukataa vyama vya siri, na ibada yenye uhuru wa Roho. Katika vikao vyao, washirika walipata sauti sawa na wachungaji.

Mwaka 1866 Roberts alianzisha shule North Chili, ambayo leo ni chuo kikuu. Mwaka 1891 alitoa kitabu cha kutetea wanawake wawekewe mikono. Alilala katika Bwana 1893. Mwaka 1910, Konferensi ya Genesee ilimrudishia mwanawe hati za uchungaji za baba yake. Bwana asifiwe!

Hatua nyingine:
- 1885: umisheni waanza Msumbiji.
- 1935: J. W. Haley afungua kazi Muyebe, Burundi. Baadaye Rwanda na Kongo.
- 1974: wanawake wapata daraja kamili la uchungaji.
- 1990: makao makuu yahamia Indianapolis.

Tunawashukuru wote waliotutangulia. Deni lao tulilipe kwa kumpokea maskini kama mwenye nyumba, wala si kama mgeni.